Sina Yaya

Wenzangu wa kibaraza cha cherehani,

Tangu nirudi mnaniuliza Kindu kukoje, nami nawajibu "mbali", kisha nainama kushona. Mmeona nimekonda, mmeona alama za kunguni mpaka shingoni, na mmoja wenu, ninayemjua, ameeneza kwamba nilikwenda Zaire kutafuta dhahabu. Ningeipata dhahabu nisingekuwa hapa natia vifungo kwenye sare za shule. Basi nawaeleza mara moja, maana nguvu ya kueleza mara mbili sina.

Baba yangu mnamjua, Mzee Ramadhani wa reli. Mnajua pia kwamba mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Hata mimi nilijua hivyo, mpaka tulipomzika mama, ndipo baba akasema anaye binti mwingine, Sakina, mkubwa kuliko mimi. Alimzaa Kindu alipokuwa kijana wa reli huko. Mke wake wa kwanza alikataa kumfuata Kalemie, baba akavuka ziwa kutafuta kazi, kisha Kongo ikaingia vitani, kisha tukazaliwa sisi hapa Tabora. Alieleza kwa kifupi, kama mtu anayesoma saa za treni. Safari hii alipolala kitandani, macho yakiwa yameshazima, akaniambia, "Nataka kumsikia Sakina kabla sijaondoka." Wadogo zangu wakatazama chini. Mkubwa nilikuwa mimi, kwa hiyo nikafunga mzigo.

Kigoma mpaka Kalemie

Mambo ya pasi na mihuri nayaruka, yangenichosha upya. Meli ilitakiwa kuondoka asubuhi, ikaondoka ilipojisikia. Tulikaa juu ya magunia ya chumvi tukitazamana, na ilipong'oa nanga ziwa likachafuka, kila mtu akarudisha alichokula Kigoma. Mama mmoja alinitapikia kwenye kanga, akaniomba radhi, kisha akanitapikia tena.

Kalemie tukapokewa na askari aliyeita kila mtu sitwayen, neno lao la mwananchi. Nilimwambia mimi si mwananchi wa huko. Akasema haizuru, nipange mstari kama sitwayen wengine. Nikapanga.

Treni ya kwenda Kindu

Treni ile, jamani, ilikuwa inasimama porini bila kituo wala sababu. Injini ikiugua, watu wanashuka, wanawasha moto kando ya reli, wanapika bukari, ndiyo ugali wetu, kwa ndakala, ndiyo dagaa wetu. Injini ikipona inapiga honi, watu wanakimbia na sufuria za moto. Mara ya kwanza nilikimbia. Baadaye niliona hata wazee wanatembea tu, nami nikatembea.

Kando yangu alikaa karani mmoja, mtu wa Kasai, amevaa abakosti, lile koti lao lisilokubali tai, kalifunga mpaka kidevuni katika joto lile. Baada ya stesheni ya Kabalo akaniambia kwa adabu, "Mama, bibi yangu anakuya. Umuachie fasi kidogo."

Nikainuka haraka. Nikatandika kanga yangu kwenye kiti ili kikongwe akae laini. Akaja msichana wa kucha nyekundu, akakaa juu ya kanga. Nikaendelea kusimama nikichungulia mlangoni.

"Bibi yuko wapi?" nikauliza.

"Njo huyu," karani akajibu, maana yake ndiye huyu.

"Huyu mjukuu. Bibi mwenyewe?"

Behewa zima likacheka, na msichana akacheka kuliko wote. Kumbe kwao bibi ni mke. Ningejua hapohapo kwamba maneno yao na yetu yanafanana sura tu, lakini nilicheka na mimi, nikapata kipande cha muhogo, nikasahau.

Hoteli

Kindu tulifika nimechoka kiasi cha kumchukia kila aliyeniambia karibu. Hoteli iko mtaa wa Kasuku, si mbali na stesheni, na jina lake silitaji kwa sababu mwenyewe sikumwona. Ukutani palikuwa na picha ya Rais na kofia yake ya chui, imenyooka vizuri. Hicho ndicho kitu pekee kilichonyooka mle ndani.

Mnajua mimi natazama vitu kwa sindano. Shuka la kitanda changu lilikuwa magunia mawili ya unga yaliyoungwa kwa mkono, mshono mpana wa mtu aliyekuwa na haraka, na maandishi ya kiwanda yalikuwa yanasomeka chini ya shavu langu. Chandarua kilitoboka, na kila tundu mtu alikuwa amelifunga fundo badala ya kulishona, hata kikawa kifupi, ukikaa kinakupiga kichwani. Ya kunguni mmeyaona wenyewe. Umeme ulikuwa umeahidiwa. Bomba la bafuni ukilifungua linakohoa, kisha linanyamaza.

Mhudumu aliitwa Sumaili, mtu wa makamo, mpole. Yeye ndiye mpishi, ndiye mlinzi, ndiye kila kitu.

"Maji yapo?" nikamwuliza.

"Iko, mama."

"Yako wapi?"

"Iko ku mutoni."

Nilitaka kugomba, lakini kabla sijafungua kinywa akachukua ndoo, akaenda Lualaba, akarudi, akanipashia moto. Akauliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia namtafuta dada yangu mkubwa, Sakina binti Ramadhani wa reli, ambaye sijawahi kumwona, na baba yetu ni mgonjwa. Akaweka ndoo chini. "Pole, mama," akasema. "Tutamutafuta. Kindu haiko kubwa."

Kesho yake nilizunguka soko zima. Hakuna aliyemjua Sakina. Wapo waliomkumbuka Ramadhani wa reli, lakini waliwakumbuka Ramadhani watatu, na wawili walikuwa wamekufa. Nikarudi miguu imevimba. Chumba cha pili alikuwa amepanga mama mmoja kutoka Kalima, mji wenye machimbo ya bati, anasubiri treni kama mimi. Kitoto chake kililia alfajiri mpaka usiku. Alikuwa mwema, alinigawia ndizi. Lakini kile kitoto kilikuwa na pafu.

Basi mchana uliofuata, nimejilaza na kitambaa chenye maji usoni, kichwa kinagonga, mtoto analia ng'ambo ya ukuta, Sumaili akabisha hodi.

"Mama! Yaya yako iko hapa inje. Anakutafuta."

Nikachungulia kwenye ubao wa dirisha. Nikaona mwanamke mtu mzima, miguu mitupu yenye tope, kitenge kilichochuja, beseni kichwani limefunikwa kitambaa. Nikajua anatafuta kazi. Kalemie pia walikuja wanawake wakiuliza kama tunataka wa kufua au wa kubeba mtoto. Nikaona wamekosea mlango tu, mwenye mtoto ni jirani.

"Sina yaya," nikasema kwa sauti ya mtu aliyekatizwa usingizi. "Yaya wa nini, mtu mzima kama mimi? Mwambie ajaribu wengine."

"Mama, umemuona muzuri?"

"Nimemwona, Sumaili. Sina yaya wala simhitaji. Aende zake, nataka kulala."

Nikarudisha kitambaa usoni.

Jioni ile Sumaili akaniletea chakula ambacho sijakila tena mahali popote Zaire. Wali mweupe, punje imejitenga na punje, samaki mkubwa wa mto aliyeungwa kwa mawese na pilipili, na sombe, yaani kisamvu, laini mpaka unakunywa. Nilikula mpaka nikalamba vidole. Nikasema, afadhali, hoteli hii imeamua kuwa hoteli.

"Leo umepika vizuri," nikamwambia.

"Haiko miye nilipika," akasema, akachukua sahani akaenda.

Kusubiri

Hapo ndipo maisha yangu pale yalipoharibika kabisa. Kesho yake ndoo haikuja. Nilipoiulizia, Sumaili akasema mto uko wazi kwa watu wote. Lile shuka la magunia likachukuliwa kufuliwa, halikurudi, nikalala juu ya godoro tupu na kanga yangu yenye historia ya ziwani. Wali ukaja mkavu, bila mchuzi, na bakuli likawekwa mezani kwa kishindo. Mama wa Kalima akaacha kunisalimu. Nilipomchekea mtoto wake, akamgeuzia upande wa pili, utadhani nina jicho baya.

Nilimuuliza Sumaili, "Nimekosa nini?"

"Miye niko mutumishi tu," akasema. "Weye njo unajua."

Sikujua. Nilimaliza kutwa nzima stesheni nikiuliza treni, na jibu lilikuwa kwamba injini imetoka lakini haijafika. Nilimaliza kutwa nyingine nikimwulizia Sakina kwenye msikiti, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, mpaka kwa mama mmoja aliyefika kutoka Pangi na mahindi yake, asiyejua mtu yeyote Kindu. Wengine walianza kunitazama kwa namna, wakikatisha mazungumzo nikifika. Nikamlaumu Sumaili, nikailaumu nchi, nikamlaumu na baba kwa siri. Nililia pia, nawaambia bila kuficha, nikiwa nimekaa juu ya godoro lile tupu. Nilikuwa namwona baba ananyoosha masikio kila mlango unapolia, akisubiri sauti ambayo siwezi kumpelekea.

Mwishowe nikakubali. Injini ilikuwa imefika, treni ilikuwa inaondoka siku hiyo ya Jumamosi, nami ningerudi mikono mitupu.

Salongo

Jumamosi huko kuna salongo, kazi ya wote kwa amri ya chama. Hakuna duka linalofunguliwa, na sitwayen wote wanatoka na majembe kufyeka na kusafisha. Mgeni naye hasamehewi. Mzigo wangu nikauacha mlangoni, nikapewa jembe lisilo na makali, nikapangwa mbele ya hoteli kung'oa majani kando ya Sumaili, ambaye alisogea hatua mbili ili tusigusane.

Mbele yetu walikuwa wanawake wawili watu wazima, mmoja mvi tupu. Yule mwenye nywele nyeusi akainua kichwa, akaita, "Yaya! Yaya, uniletee reki!" Mwenye mvi akamletea.

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka siku nyingi. Nikamwambia Sumaili, ili tu kuvunja ukimya, "Mama mzima namna ile bado ana yaya?"

Akasimama wima. "Kwa nini asikuwe naye? Ni yaya yake. Mama moja, baba moja. Yeye njo alizaliwa mbele."

Jembe likaniponyoka.

"Sumaili," nikasema. "Yaya ni nani?"

"Mama, usinichezee."

"Nijibu. Kwetu yaya ni mtu unayemwajiri akulelee mtoto. Kwenu ni nani?"

Akanitazama usoni, polepole, nikaona ile chuki ikimtoka na hofu ikiingia mahali pake. "Yaya ni mukubwa wako," akasema. "Dada yako mukubwa. Alisikia ku soko kama muntu anamutafuta. Alikuya na miguu. Miye nilikuambia, mama. Uliangalia ku dirisha, ukasema hauna yaya, ukasema aende. Alisikia yote. Alikuwa hapa, karibu sawa vile niko miye."

Nikageuka nikautazama ubao wa dirisha langu.

"Tulizani umemukataa sababu ya tope," akasema. "Na beseni aliiacha. Akasema, hata kama amenikataa, ametoka mbali, anaweza kuwa na njaa. Ule muchele uliosifu, njo wa yaya yako."

Niliketi palepale kwenye majani niliyoyang'oa. Wali ule nilikuwa nimeulamba vidoleni. Msimamizi wa salongo akaja kuniuliza kwa nini nimeketi, na mama wa Kalima, aliyekuwa amesikia yote, akamfokea kwa Kilingala mpaka akaondoka.

Ng'ambo ya mto

Sakina anaishi Alunguli, ng'ambo ya Lualaba. Sokoni hawakumjua kwa jina hilo kwa sababu tangu alipozaa wanamwita Mama Amisi. Sumaili alitupa jembe, akanishika mkono kama mgonjwa, tukashuka mtoni. Watu wote walikuwa kwenye salongo, mitumbwi imelala tupu, mpaka tukampata mvuvi mmoja aliyekuwa ameikwepa kazi. Tulipofika katikati ya maji nikasikia honi ya treni. Sumaili akageuka kunitazama.

"Iache iende," nikasema.

Tulimkuta uani, anatwanga majani ya muhogo. Alipotuona hakuacha. Alitwanga utadhani sisi ni upepo. Na mimi nilisimama pale nikimtazama mtu mwenye paji la baba yangu, masikio ya baba yangu, na mabega yangu mwenyewe, nikashindwa kuelewa nilitazamaje dirishani nisione.

"Naweye uko nani?" akauliza, macho kwenye kinu.

"Mimi ni mdogo wako," nikasema. "Nimekuja kumtafuta yaya wangu."

Mchi ukasimama.

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, narudia, nalia, Sumaili ananisaidia kwa Kiswahili chao kila nilipokwama. Kwetu yaya ni wa kulea mtoto, kumbeba mgongoni, kumlisha, mama akiwa kazini. Sikukukataa. Sikujua kwamba yaya ni wewe.

Sakina aliuweka mchi chini. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge.

"Baba angebakia hapa," akasema, "nani angekubeba mugongo? Miye. Nani angekulisha? Miye. Sasa yaya yenu na yaya yetu, tofauti iko wapi?"

Akanivuta, akanishika kichwa kama unavyomshika mtoto unayemkagua chawa. "Ulikula ile samaki?" akauliza.

"Nililamba vidole."

"Basi ulikuwa na njaa kweli," akasema, ndipo tukalia wote, na Sumaili akajifanya anakagua paa.

Kurudi

Treni nyingine ilichelewa kama kawaida yake. Tuliisubiri Alunguli, si hotelini, na Sumaili aliniletea lile shuka la magunia, limefuliwa na kukunjwa, akaniomba radhi kwa ndoo. Nikalishona upya kwa mkono, mshono mdogo wa kwetu, nikamrudishia. Kwa kunguni sikumlaumu. Wao walikuwa wananila hata kabla hajanichukia.

Kigoma ofisa aliniuliza Sakina ni nani wangu. Nikasema, "Yaya wangu." Akamtazama Sakina na mvi zake, akanitazama mimi, akacheka mpaka akawaita wenzake waje waone mama mzima anayesafiri na yaya. Nilimwacha acheke.

Mnajua tulifika Tabora jioni, na mnajua baba alikuwa bado yupo, kwa pumzi fupi fupi. Msichojua ni hiki. Chumbani kwake kuna kiti kimoja, karibu na mto wake. Tangu augue kiti hicho ni changu, maana mimi ndiye mkubwa, na hata wajomba wakija wanasimama. Nikaingia, nikakaa kama kawaida, nikaanza kumweleza nimekuja na nani. Sakina akanigusa bega ninyamaze.

"Njo miye, baba," akasema.

Baba hakulia. Alitega sikio kama anayesikiliza wimbo, midomo ikitikisika. Tangu tuzaliwe sisi, baba huyu amesema kama watu wa Tabora. Nasikia alipokuja kijana walimcheka kwa maneno yake ya Kongo, akayaacha yote, hatukusikia hata moja nyumbani. Kisha akageuza uso upande wangu.

"Mupe yaya yako kiti," akasema.

Nikainuka.